Mgeni siku ya tatu hupewa jembe: mimi na Morrowind

Nianze na laptopu, maana bila ubovu wake haya yote yasingetokea. Ni mtumba, niliichukua kwa jamaa anayeuza vitu used kutoka Ulaya, kibodi yake ya Kijerumani kwa hiyo Y imekaa kwenye Z na Z kwenye Y, betri inakaa dakika 40 ukiwa na bahati, na gemu lolote la kisasa ukithubutu kuliweka feni inalia kama mashine ya kusaga halafu skrini inaganda. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, anakaa na mimi, kazi yake kubwa duniani ni kuicheka hiyo laptopu. Anko, hii tuipeleke makumbusho. Mi nilikuwa nataka tu kitu cha kucheza usiku nikitoka kazini, kitu cha kuhangaika nacho, sio mpira.

Jamaa mmoja kazini akaniambia we tafuta Morrowind. Nikamuuliza ni nini hicho, akasema ni gemu la 2002, hata kikokotoo kinalichezesha. Alizidisha kidogo lakini sio sana, mahitaji yake ni prosesa ya megahezi 500 na ramu ya megabaiti 256, laptopu yangu pamoja na uzee wake ina mara kumi ya hapo. Jina kamili ni The Elder Scrolls III: Morrowind, waliotengeneza ni Bethesda wa Marekani, hao hao waliokuja kufanya Skyrim ambayo kila mtu anaijua. Nikalinunua mtandaoni likiwa kwenye punguzo, nikalishusha usiku kwa bando la usiku, asubuhi nikaenda kazini nikiwa na macho mekundu na sijacheza hata dakika moja.

Mwaka 2002 mimi nilikuwa darasa la tano Bagamoyo. Kompyuta niliijua kwa kuipita dirishani.

Sasa gemu linaanzaje. Unaamka ndani ya meli, kwenye chumba cha chini, mfungwa. Hujui umefungwa kwa kosa gani na mpaka leo sijaambiwa. Kuna jamaa kifua wazi, jicho moja bovu, anaitwa Jiub, anakuuliza jina lako, ndipo unapoliandika. Wanakutoa nje, unashuka kwenye gati la mbao, kijiji kidogo cha matope na ukungu kinaitwa Seyda Neen, na kitu cha kwanza kabisa unachofanyiwa kwenye hii dunia ya mazimwi na wachawi ni kuingizwa ofisi ya sensa na ushuru. Nilicheka peke yangu. Forodhani! Mtu wa Bagamoyo nimesafiri mpaka dunia ya kufikirika nimefikia forodhani. Mzee yuko mezani na makaratasi yake anakuuliza kazi yako nini, ukishindwa kusema anakuuliza maswali 10 halafu anakuamulia mwenyewe wewe ni mtu wa namna gani, kisha anakuuliza ulizaliwa chini ya nyota ipi. Mi nilichagua Redguard, ndio watu weusi wa ile dunia, nikajibu maswali kwa uaminifu, akaniandika shujaa wa vita. Sawa mzee.

Mwishowe unapewa sarafu 87, kifurushi, na maagizo ya kwamba nenda mji wa Balmora umtafute mtu anaitwa Caius Cosades. Mlango unafunguka. Basi. Hamna anayekusindikiza.

Kabla ya mlango wa mwisho kuna kiuga kidogo, pana pipa, ndani ya pipa kuna pete. Nikaichukua, nani asingeichukua. Nje nakutana na jamaa mfupi ana masikitiko, Fargoth, ananiuliza kama nimeiona pete yake, pete ya urithi, anadhani askari wa ofisini ndio wameichukua. Nikamjibu sijaiona. Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Arrille nikaiuza. Nisamehewe, nilikuwa na sarafu 87 tu na sijui maisha yanaendaje pale. Kumbukeni hii pete.

Halafu nikapigana na kaa.

Kaa, jamani. Mimi nimekulia mikokoni, kaa nawajua, tulikuwa tunawatoa mashimoni kwa mti. Huyu alikuwa mkubwa kidogo, kama beseni, yuko ufukweni anatambaa. Nikatoa kisu nilichokiokota kwenye ofisi ya ushuru, nikamkimbilia nikamchoma. Naona kwa macho yangu kisu kimepita katikati ya kaa. Hakuna kitu. Nikachoma tena. Hakuna kitu. Nikachoma kama mara kumi na tano, kisu kinaingia kinatoka, kinasikika tu kinakata upepo, kaa ananibana taratibu kama hana haraka, mstari mwekundu wa uhai wangu unashuka, na nyuma yangu nasikia mtoto wa dada anavuta kiti. Anko, unapigwa na kaa? Nikamwambia gemu bovu. Nikafa. Kaa akaendelea na shughuli zake.

Ilinichukua siku mbili kuelewa, na nilivyoelewa nikaona aibu. Kwenye hili gemu kuona upanga umegusa sio kugusa. Chini kwa chini inachezwa dadu, kila pigo linahesabiwa kwa ujuzi wako wa ile silaha na pumzi uliyobaki nayo. Ujuzi wangu wa upanga mrefu ulikuwa 50, wa kisu ulikuwa 10. Kumi! Na nilikuwa nimemkimbilia, na ukikimbia ule mstari wa kijani unaisha, huo mstari ndio pumzi, mtu aliyehema hata mlango haulengi. Kwa hiyo mtu asiyejua kisu, amechoka, anachoma hewa. Sasa nani mbovu hapo, gemu au mimi? Nikauza vitu vidogo vidogo nikanunua upanga mrefu wa chuma, nikamwendea yule kaa kwa miguu, polepole, kama mtu anayeenda kudai deni. Mapigo matatu. Mtoto wa dada hakuwepo kushuhudia, ndio maisha.

Nikatoka kijijini kwa miguu kwenda Balmora (kuna usafiri, nitausema) na njiani nikasikia mtu anapiga kelele. Nikageuka kushoto, kulia, hamna mtu. Kelele zinakaribia. Nikainua kipanya kuangalia juu na mtu akaanguka kutoka mbinguni, puu, mbele ya miguu yangu, amekufa. Nikamkagua, ana upanga, ana daftari, ana karatasi 3 za uchawi. Kwenye daftari kaeleza kabuni uchawi wa kuruka mbali. Nikaelewa kila kitu isipokuwa kimoja. Nikasevu, nikasoma karatasi moja, nikaruka, nikapaa mpaka kisiwa chote nakiona chini, maziwa, ukungu, uyoga mkubwa kama mibuyu, raha isiyoelezeka, halafu nikaanza kushuka. Uchawi wa kuruka unadumu sekunde 7. Kushuka kunachukua zaidi ya sekunde 7. Sasa nilielewa na hicho kimoja.

Kilichonikamata ni kwamba hakuna mtu wala maandishi yaliyonionya. Wameniacha nikajionee. Baadaye nikagundua ukisoma karatasi ya pili ukiwa bado hewani karibu na ardhi unatua salama, na hilo pia hakuniambia mtu.

Basi nifike Balmora. Usafiri wa pale ni mdudu. Anaitwa silt strider, mfikirieni kiroboto aliyekua akafika urefu wa ghorofa tatu, miguu mirefu kama ya twiga, mgongo umechongwa tundu ndipo abiria mnakaa, na dereva wake anamwendesha kwa kumshikashika humo ndani. Unalipa nauli, unafika. Analia sauti moja ndefu ya huzuni ambayo unaisikia kabla hujauona mji, kama unavyosikia honi ya meli. Mi nilimpanda siku ya pili baada ya kuchoka kufa barabarani, na nikamwambia mtoto wa dada njoo uone daladala ya hawa watu. Akaja. Akakaa dakika tano nzima bila kucheka, nikahesabu.

Balmora sasa namtafuta Caius Cosades. Na hapa ndipo nilipokwama kama nusu saa nikiangalia skrini nikisubiri mshale. Kila gemu nililowahi kuona kwa watu kuna mshale, kuna nukta kwenye ramani, nenda hapa, bonyeza hapa. Hapa hamna. Ramani ipo lakini inaonyesha pale ulipokwisha kupita tu. Nilichoandikiwa ni kwamba nikaulize kwenye kilabu kinachoitwa South Wall. Nikauliza kiko wapi, nikaelekezwa. Nikamkuta mwenye kilabu, Bacola, nikamuuliza Caius anakaa wapi, akanielekeza toka nje panda ngazi nenda mtaa wa juu kule ukingoni mwa mji. Nikapanda. Nikagonga nyumba tatu za watu. Ya nne nikamkuta mzee kifua wazi amevaa suruali tu, chumba kimoja, kitanda kimoja, kama mzee aliyekaa barazani anasubiri upepo, na huyo ndiye mkuu wa majasusi wa mfalme kwa kisiwa kizima.

Nikashtuka, mbona haya mambo nayajua. Hivi ndivyo tunavyoishi! Nyumbani kwa shangazi yangu Mbagala hakuna mtu aliyewahi kufika kwa namba ya nyumba. Shuka kituo cha pili baada ya msikiti, ingia njia ya kwa fundi baiskeli, ukiona mwembe umepita, rudi, uliza kwa mama wa chapati, anamjua. Unafika. Na ukifika umeshaongea na watu wanne na mmoja wao kakutuma salamu. Siku hizi mtu anatuma lokesheni na anafika mlangoni bila kumsalimia mtu hata mmoja, sisemi ni vibaya, mvua ikinyesha na mimi naomba lokesheni.

Nikanunua daftari la kurasa 48. Kweli kabisa, la dukani, la shule. Gemu lina shajara yake lakini inaandika kila kitu kwa kufuatana bila mpangilio, kazi ya jana imechanganyika na ya wiki iliyopita, ukitaka kujua nani alikuambia nini unapekua kama faili la masijala. Kwa hiyo nikawa naandika mwenyewe, kwa Kiswahili changu: toka Balmora, mashariki, ngome ya Moonmoth, shika kaskazini mashariki, vuka daraja la kale juu ya korongo, tafuta bomba lenye mpini, zungusha. Hiyo ni kwenda Arkngthand, magofu ya watu wa kale walioitwa Dwemer, kazi ya mwanzo mwanzo kabisa, umetumwa ukachukue kikasha kidogo cha chuma. Walionitangulia watakuwa wanacheka sasa hivi. Hicho kikasha nimekitafuta jioni mbili. Pango kubwa lina majambazi, lina vyumba, na kikasha kimewekwa juu ya rafu kama kopo la chumvi, rangi ile ile ya kila kitu kingine mle ndani. Jioni ya kwanza umeme ukakatika, betri ikaniaga, na sikuwa nimesevu toka niingie, masaa mawili na nusu hayo yamekwenda na maji. Nikalala na hasira. Jioni ya pili mtoto wa dada ndiye aliyekiona. Anko, sio hicho hapo? Nilikuwa nimepita mbele yake mara nne.

Niweke hapa historia kidogo maana niliisoma nikitafuta kwa nini mtu atengeneze gemu la kumtesa mwenzake hivi. Gemu lao la kabla, Daggerfall la 1996, lilikuwa na ardhi kubwa ya kutisha lakini sehemu kubwa ilizalishwa na kompyuta yenyewe, miji maelfu inayofanana. Morrowind wakaamua kinyume, wakachukua kisiwa kimoja, Vvardenfell, wakakipanga kwa mkono, kila jiwe na kila kijiko mezani kimewekwa na mtu. Kampuni wakati huo ilikuwa imetoka kwenye hali mbaya ya fedha, Todd Howard ndiye aliongoza mradi. Utaona ndio maana kisiwa hakifanani na kitu kingine. Hakuna yale majumba ya Ulaya na misitu ya misonobari. Kuna mji, Ald-ruhn, wakubwa wake wanaishi ndani ya gamba la kaa mkubwa aliyekufa zamani. (Kaa tena.) Kuna wachawi wa ukoo wa Telvanni wanaishi ndani ya uyoga uliooteshwa ukawa mnara, na mnara hauna ngazi, huwezi kupaa hewani basi huna shida ya maana ya kumwona mwenye nyumba. Kuna mji wa Vivec umejengwa juu ya maji, na juu yake kuna jiwe kubwa limening'inia hewani, limezuiwa na mungu wao lisianguke, na ndani ya hilo jiwe wamechonga jela. Mi nikifika pale huwa natembea haraka haraka.

Na kwenye Xbox ya zamani, hii Howard mwenyewe ameisimulia, mashine ilikuwa inaishiwa nafasi, kwa hiyo wakafanya ujanja, wakati mwingine ukiona skrini ya kusubiri imekaa muda mrefu ujue mashine imezimwa na kuwashwa tena kimyakimya wala mchezaji hajui. Fundi wa Kariakoo angewapa mkono.

Lakini wacha nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Karibu kabisa na Seyda Neen, ukivuka tu kutoka kituo cha yule mdudu, kuna pango linaitwa Addamasartus. Niliingia nikitafuta vitu vya kuuza. Nikawaua majambazi, mmoja ana ufunguo, mbele nikakuta geti, nyuma ya geti kuna watu. Kwa ile dunia ni watu wa mijusi na watu wa paka, wanaitwa Argonian na Khajiit, wamevaa bangili za chuma mkononi, wamesimama tu. Watumwa. Wanasubiri kusafirishwa. Nilikaa na kipanya mkononi nimeganda. Mimi nimesoma shule ambayo ukitoka mapumziko unapita ukuta wa zamani ambao kila mtoto anajua palikuwa panafungwa nani. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia kwetu. Bibi yangu alikuwa ana namna ya kushusha sauti akitaja koo fulani fulani, na sisi watoto tulijua tusiulize. Utumwa kisheria Tanganyika umefutwa 1922, bibi wa bibi yangu alikuwa mtu mzima. Sasa niko chumbani saa sita usiku nina ufunguo. Nikawafungua. Wakanishukuru kwa sentensi mbili tatu. Nikatoka nje ya pango nikasimama pale kwenye ukungu, yule mdudu analia, nikazima mashine nikaenda kulala.

Nilidhani ni uhalifu wa majambazi wale. Kumbe ni halali! Ndio kilichonimaliza. Unafika Suran, unafika Tel Aruhn, kuna soko, wazi, mchana. Na Dola, hii Dola ya mfalme iliyonitoa gerezani, yenye ngome na sarafu na ofisi za ushuru, kwao utumwa marufuku, lakini walipoingia Morrowind wakasaini mkataba na mungu wao Vivec kwamba nyie tukubalini, nasi tutawaachia dini yenu, makabaila wenu na watumwa wenu. Wala hakuna anayekuhutubia hili, unaliokota kidogo kidogo kwenye vitabu vya rafuni (gemu lina mamia ya vitabu vya kusoma kweli kweli) na kwenye maneno ya watu. Nikasema hii nimeifanyia mtihani. Mkoloni anakaa bomani na bendera, anahesabu kodi, na wakuu wa wenyeji wanaachiwa mambo yao mradi amani iwepo na mauzo yaende. Sijui waandishi wa gemu walisoma historia ya wapi, lakini mtoto wa Bagamoyo hahitaji maelezo.

Na mimi ni nani humo? Mimi ni kibaraka. Nimeletwa na meli ya Dola, nimepewa kazi na jasusi wa Dola, na kazi yenyewe polepole inaonekana ni kujifanya nabii aliyetabiriwa na wenyeji. Wale Dunmer, watu wa ngozi ya majivu na macho mekundu, wanakuita outlander toka unashuka melini, na wanavyolitamka unajua tafsiri yake ni mtu wa kuja. Mwanzo nilikuwa nakasirika. Mwezi wa pili nikawa nasema moyoni, we, wana haki. Mimi ningekuwa mwenyeji na akaja mtu katumwa na serikali ya ng'ambo kuniambia yeye ndiye mtume tuliyekuwa tunamsubiri, ningemjibu nini?

Ndio maana kipande nilichokipenda kuliko vyote ni pale unapotumwa kwa wafugaji wa nyikani, Ashlander, kambi ya Urshilaku huko kaskazini. Kwanza kufika. Daftari langu linasema: Maar Gan, nenda mashariki vuka ukingo, korongo la Bani-Dad, lifuate kaskazini magharibi mpaka baharini, kisha mashariki, meli iliyovunjika, ingia bara. Nilipotea mara tatu. Dhoruba ya majivu ikanikuta korongoni, skrini nzima imekuwa nyekundu ya udongo, na mtu wangu kwenye dhoruba anainua mkono kufunika uso mwenyewe bila kuambiwa, na watu wengine barabarani nao hivyo hivyo, nikamwona mmoja anakuja kinyume changu, wote wawili tumejiziba nyuso tunapishana kama watu kwenye vumbi la kiangazi Dodoma. Nimesahau mengi ya lile gemu lakini hiyo sitaisahau.

Kabla ya kwenda unashauriwa ujifunze adabu zao kwa mzee mmoja Ald-ruhn. Mpe mtu zawadi inayoonyesha umemfikiria. Usiingie kwenye hema la mkuu bila ruhusa, ukiambiwa toka, toka. Yaani hodi. Gemu la Marekani linanifundisha hodi! Nikafika, nikajieleza kwa wadogo kwanza, nikapandishwa kwa mkuu wao, Sul-Matuul, nikamwambia habari za unabii. Hakuniua wala hakunikumbatia. Akanipa kazi, nenda kwenye makaburi ya wazee wetu ukalete upinde wa baba yangu, ukirudi mzima tutaongea.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilisema kwa sauti, mtoto wa dada akaniuliza naongea na nani.

Kasoro zipo, tena nyingi, nisije nikaonekana nimerogwa. Mwanzoni unatembea polepole mpaka unatamani kushuka ukaisukume skrini. Watu hawana ratiba, wamesimama pale pale usiku na mchana kama sanamu, na ukiwauliza habari za mji watu ishirini wanakupa aya ile ile, neno kwa neno. Kutengeneza dawa kuna kosa la hesabu, unakunywa dawa ya akili unatengeneza dawa kali zaidi unakunywa tena, nusu saa umekuwa mungu na gemu limekufa, nilifanya mara moja nikarudisha sevu ya nyuma. Na kuna ndege. Cliff racer, kama popo aliyekonda, anakufuata kutoka mlima hadi mlima, unamuua wanakuja wawili, huwezi hata kulala maana adui yuko karibu. Kwenye magemu yaliyofuata wanasema alipatikana mtu akawafukuza wote kisiwani hadi akaitwa mtakatifu, na mtu mwenyewe ni Jiub, yule yule wa jicho bovu aliyekuwa nami melini. Niliposoma hivyo nikapiga meza. Nilimdharau kabisa yule bwana.

Laptopu bado inadunda, maana kuna watu wameandika upya injini yake kwa kujitolea, inaitwa OpenMW, ni ya bure, unaipa mafaili ya gemu ulilonunua na inaenda vizuri kuliko ile ya asili. Daftari la kwanza limejaa. Hadithi kuu sijaimaliza, mlima mwekundu nauona kwa mbali na uzio wa mizimu unaouzunguka, sina haraka nao.

Wiki iliyopita nilirudi Seyda Neen. Sikuwa na kazi pale, nilishuka tu kwenye mdudu nikaona ule ukungu. Nina pesa sasa, nina upanga unaowaka moto, kisiwani nusu ya watu wananijua kwa jina. Nikaingia dukani kwa Arrille, nikafungua orodha ya vitu vyake, nikateremka nayo taratibu. Pete ilikuwepo. Miezi yote ile hakuna aliyeinunua. Nikailipia bila kupunguziwa, nikatoka nje, Fargoth yuko pale pale njiani na masikitiko yake, nikampa.

Alifurahi kama vile imepotea jana. Na mimi sikumwambia ilikuwa wapi.